Siku Ndiyo Bidhaa: Mjadala wa Fedha na Jasho Mlimani Kilimanjaro

Makumi ya maelfu ya watu hupanda Kilimanjaro kila mwaka, na karibu wote huanza safari yao mbele ya orodha ya bei. Kampuni za Moshi na Arusha huuza mlima kwa idadi ya siku. Njia ya Marangu hupandwa kwa siku 5 au 6, Machame kwa 6 au 7, Lemosho kwa 7 au 8, na ile inayozunguka upande wa kaskazini hufika hata 9. Kilele ni kilekile, Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Asiyeujua mlima akiisoma orodha hiyo huona bidhaa moja yenye bei tofauti, na akili ya mnunuzi humvuta kwenye bei ya chini. Hoja ninayoitetea ni kwamba hapo ndipo watalii wengi wanapokosea. Kilele hakina mwenye kukiuza. Kinachouzwa Kilimanjaro ni siku, na kila siku iliyopunguzwa ni sehemu ya bidhaa yenyewe iliyokatwa. Anayebana siku ili abane bei hajapata kitu kilekile kwa nafuu. Amenunua nafasi ndogo ya kufika, na kila akipiga hesabu ya kweli atakuta ameilipia ghali. Hoja hii ina wapinzani wenye busara zao, na ni haki kila mmoja asikilizwe kikamilifu kabla ya kujibiwa.

Ushahidi wa kwanza ni mwili wa binadamu. Pale kileleni, pumzi moja huingiza takriban nusu tu ya oksijeni ambayo mtu huipata akiwa ufukweni Tanga. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini kwa ratiba yake wenyewe: kwanza pumzi huongezeka kasi, kisha figo hurekebisha damu kwa muda wa siku kadhaa, na mabadiliko makubwa zaidi huhitaji wiki. Kwa sababu hiyo, madaktari wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike. Sasa itazame Marangu ya siku 5. Lango lipo mita 1,879. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720. Kila usiku umepanda mita 1,000 juu ya uliotangulia. Na usiku huohuo wa tatu, kuelekea saa sita, mpandaji huamshwa apande mita 1,175 zilizobaki, afike akiweza, kisha ashuke hadi Horombo siku hiyohiyo. Ilinganishe na Machame ya siku 7, ambako msafiri hupandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu hushushwa akalale Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Panda juu, lala chini: ndiyo kanuni ya mlima, na kanuni hiyo haitekelezeki pasipo siku. Ujana hauwezi kuziba pengo hilo, wala misuli. Wanariadha hodari huugua mwinuko sawasawa na wengine.

Sauti ya mkoba

Upande wa kwanza wa upinzani unasema hivi: "Maneno hayo ni matamu kwa mwenye nazo. Mtalii kutoka ng'ambo hutozwa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa kila siku, na akilala kwenye hema huongezewa dola 50, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bado hajalipa chakula, waongozaji, wapishi na wapagazi. Siku mbili za ziada ni mamia ya dola. Wapo wanaoweka akiba miaka mingi ili waone Kilimanjaro mara moja tu maishani. Kuwaambia waongeze siku ni kuwaambia wasije. Heri waje kwa siku 5, wajaribu bahati yao."

Ni pingamizi zito, na hesabu zake ni za kweli. Kasoro yake ni kuipima siku ya ziada peke yake, ilhali siku hiyo imebebwa juu ya gharama nyingine ambazo tayari zimelipwa. Tiketi ya ndege kutoka Ulaya au Marekani mara nyingi huvuka dola 1,000. Kuna viza, chanjo, viatu, mavazi ya baridi, hoteli ya Moshi kabla na baada. Gharama zote hizo hulipwa kamili, mtu afike Uhuru au arudishwe kutoka Kibo akitapika. Basi siku ya sita na ya saba ndizo fedha pekee katika safari nzima zinazobadilisha nafasi ya kufika kwa kiasi kikubwa. Mtu mwenye bajeti ndogo ndiye hasa asiyemudu kuibana hapo, kwa sababu hana fedha za kurudi mara ya pili. Tajiri akishindwa mwaka huu atakuja mwakani.

Na kama fedha hazitoshi kweli, lipo jibu jingine: kungoja. Mwaka 1998, Drazen Prelec na George Loewenstein walionyesha kwamba watu wengi hupendelea kulipia likizo kabla ya kusafiri, ingawa mashine ya kufulia wangependa kuilipia wakiwa wameshaanza kuitumia. Sababu ni ya kibinadamu kabisa: starehe ambayo deni lake limekwisha huliwa kwa moyo mweupe. Miaka 12 baadaye, utafiti wa Jeroen Nawijn na wenzake nchini Uholanzi ulikuta kwamba wanaokwenda likizo huwazidi furaha wasiokwenda katika kipindi cha kabla ya safari, na wakisharudi nyumbani tofauti hiyo huwa haionekani sana, isipokuwa kwa waliopumzika hasa. Tukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, anayeahirisha Kilimanjaro kwa mwaka mmoja ili alipe kidogokidogo hadi zitimie siku 7 hapotezi mwaka. Anaongeza muda wa kutazamia, ambao wenyewe ni sehemu ya furaha ya safari, na anaufikia mlima akiwa na siku za kutosha.

Sauti ya kalenda

Wa pili anasimama na kusema: "Tatizo letu si fedha, ni muda. Mwajiri ametoa wiki mbili. Tanzania ina Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar, na haieleweki mtu avuke bahari kisha aone mlima mmoja tu. Siku 5 za mlima, 4 za mbuga na 3 za ufukweni: hapo mgeni ameiona nchi. Ukimwambia mlima peke yake uchukue siku 8, umemnyima vingine vyote."

Sauti hii inaeleza kwa usahihi jinsi ratiba nyingi zinavyopangwa, na hapo ndipo penye somo. Anat Keinan na Ran Kivetz, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011, waliwauliza watu wachague kati ya hoteli ya kawaida huko Florida na hoteli iliyojengwa kwa barafu huko Quebec. Wengi walichagua barafu, ingawa walikiri kwamba Florida ingekuwa na raha zaidi. Watafiti hao walieleza kuwa watu wengi, hasa wale wanaopenda kuona muda wao umezaa kitu, hukusanya matukio kama mtu anayejaza orodha ya sifa zake. Hamu hiyo si aibu. Pengine ndiyo inayowaleta wageni wengi katika nchi hii. Lakini orodha ina udhaifu wake: huhesabu vichwa vya mambo bila kupima kina cha lolote. Mbuga huvumilia haraka. Siku moja ndani ya kreta ya Ngorongoro ni siku kamili, na anayekaa siku mbili Serengeti huona nusu ya anachoona anayekaa nne, au zaidi ya nusu. Mlima hauna nusu ya namna hiyo. Siku moja ikikatwa Zanzibar, mgeni hupoteza siku moja ya Zanzibar. Siku moja ikikatwa mlimani, anaweza kupoteza mlima wote. Basi anayegawa siku 14 sawasawa kati ya vitu visivyofanana amefanya hesabu ya haki isiyo na maarifa. Ratiba yenye busara hutenga kwanza siku za kitu kisichogawanyika, kisha zinazobaki huzigawa kwa vingine.

Sauti ya jasho

Wa tatu hana shida ya fedha wala ya muda. Anasema: "Mchumia juani hulia kivulini. Mnataka kuulainisha mlima. Thamani ya Kilimanjaro ni ugumu wake, na aliyefika kwa siku 5, kichwa kikimuuma na miguu ikitetemeka, ana haki ya kujivunia kuliko aliyetembea taratibu kwa siku 8. Ukiondoa mateso, umeondoa kilichomleta."

Hapa kuna ukweli ambao wachumi walichelewa kuukubali. Mwaka 1999 Loewenstein huyohuyo aliandika makala kuhusu wapanda milima, akashangaa kwamba maandishi yao yamejaa baridi, njaa na hofu, na bado hurudi. Alihitimisha kuwa binadamu hutafuta mengi zaidi ya raha: kujithibitishia alivyo, kumaliza alichokianza, kuyapa maisha maana. Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely waliongeza ushahidi mwaka 2012, walipoonyesha kwamba watu hukipandisha thamani kitu walichokiunda kwa mikono yao. Waliokunja vinyago vya karatasi waliviona karibu sawa na vya mafundi. Jambo hilo waliliita kwa jina la kampuni ya IKEA, inayouza samani za kuunganishwa na mteja mwenyewe. Kwa hiyo wa tatu ana haki ya kusema jasho huzaa thamani. Lakini utafiti huohuo una sehemu ya pili inayompinga: pale washiriki waliposhindwa kukamilisha kazi, au kazi yao ilipobomolewa, thamani ile ya ziada ilitoweka. Jasho hulipa likifika mwisho. Anayechagua njia fupi kwa ajili ya fahari anaiweka rehani fahari yenyewe. Wala siku 8 hazimwondolei mtu ugumu: mlima ni uleule, usiku wa kilele ni uleule, baridi ya alfajiri haipungui hata nyuzi moja. Kinachopungua ni maumivu ya kichwa na kutapika, na hayo mawili hayajawahi kuwa ustadi wa mtu yeyote.

Kuna hatari zaidi. Hal Arkes na Catherine Blumer waliwauliza watu, mwaka 1985, wafikirie wamenunua safari mbili za kuteleza kwenye theluji, moja ya dola 100 na nyingine ya dola 50, wakijua ile ya dola 50 ndiyo watakayoifurahia zaidi. Kisha wakagundua zote zinaangukia wikiendi moja na fedha hazirudi. Zaidi ya nusu walichagua ya dola 100. Fedha iliyokwisha kutoka iliwaamulia wapi waende. Juu ya mita 5,000, tabia hiyo inaweza kuua. Ugonjwa wa mwinuko ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na tiba ya kutegemewa ni kushuka mara moja. Mtalii aliyepanda haraka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua, na akiwa amelipa na kuteseka kiasi hicho, ndiye atakayebishana na mwongozaji anayemwambia arudi. Vidonge vya kuzuia ugonjwa huo vipo na vinasaidia, ila vinausaidia mwili unaopewa muda, havinunui siku.

Anayedhani uvumilivu ni mtindo wa wageni wa leo aangalie historia. Hans Meyer alishindwa mwaka 1887 na tena mwaka 1888. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, wakasaidiwa na wenyeji akiwemo, kama inavyosimuliwa, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, na safari hii waliweka kambi zenye chakula katika ngazi mbalimbali za mlima ili waweze kujaribu zaidi ya mara moja bila kushuka hadi chini. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakarudi wamechoka. Tarehe 6 walisimama kileleni. Kilichowafikisha ni akiba ya siku.

Sauti ya kumbukumbu

Wa nne anakuja na hoja ya wanasaikolojia: "Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mikono kwenye maji ya baridi mwaka 1993. Mara moja kwa sekunde 60, mara nyingine kwa sekunde 60 hizohizo na 30 zaidi, maji yakipashwa kidogo tu. Walipoulizwa warudie ipi, wengi walichagua ile ndefu. Kumbukumbu haihesabu muda; hushika kilele cha hisia na mwisho wake. Kwa nini basi mtu alipie siku ambazo hatazikumbuka?"

Jaribio hilo ni la kweli, ila linamtetea anayeongeza siku. Ikiwa kumbukumbu haihesabu muda, basi siku za taratibu kati ya kambi za Shira na Karanga hazitamchosha mtu katika kumbukumbu yake. Zitapita kama zilivyopita. Na ikiwa kinachobaki ni kilele cha hisia na mwisho, basi fedha ziwekwe panapojengwa hivyo viwili. Mwisho wa safari ya haraka mara nyingi ni kushushwa gizani, umeegemea bega la mwongozaji. Mwisho wa safari iliyopewa muda una nafasi kubwa ya kuwa alfajiri pale Stella Point au Uhuru, macho yakiwa wazi na akili timamu. Siku za katikati hulipia huo mwisho.

Sauti ya wagumu

Sauti ya tano ndiyo nzito kuliko zote, nayo inatoka kwa wapagazi, ambao mlimani hujiita wagumu. Wanasema: "Siku nyingi ni kazi nyingi, hatuzikatai. Ila mkiwafundisha wageni kudai siku bila kuwafundisha kulipa, watatafuta kampuni itakayowapa siku 7 kwa bei ya 5. Na tofauti hiyo italipwa na sisi: mlo mmoja badala ya mitatu, hema linalovuja, ujira uliocheleweshwa, mzigo uliopita kiasi."

Pingamizi hili silijibu kwa kulipinga, kwa kuwa linaikamilisha hoja. Ada za hifadhi zimepangwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hazipungui kwa mapatano ya mteja na kampuni. Chakula cha mgeni hakiguswi kirahisi, maana mgeni ataona. Kampuni inayoshusha bei kupita wenzake imebakiwa na mahali pachache pa kukata, na pa karibu zaidi ni mgongo wa mpagazi. Ndiyo maana kuna kikomo cha mzigo wa kilo 20, mizigo hupimwa kwa mizani, na tangu mwaka 2003 upo mradi wa KPAP unaofuatilia jinsi wapagazi wanavyolipwa, wanavyolishwa na wanavyolala. Siku ninayoitetea ni siku kamili, yenye ujira wa haki ndani yake. Siku iliyoshushwa bei kwa njaa ya mwingine ina mtu mwingine aliyeilipia. Na hata kwa hesabu ya maslahi ya mtalii mwenyewe, mpagazi aliyeshiba na kulala vizuri ndiye atakayemshika mkono mwinuko ukimwangusha.

Uamuzi

Sauti zote tano zimesema, na kila moja imeacha kitu cha kuzingatia. Mkoba umetukumbusha kwamba wengi hawana fedha za kuchezea. Kalenda, kwamba muda ni mali adimu kuliko fedha. Jasho, kwamba mtu hununua maana pamoja na raha. Kumbukumbu, kwamba mwisho ndio unaobaki. Wagumu, kwamba bei ya chini huwa na mlipaji aliyefichika. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba siku 5 ni sawa na siku 7. Uamuzi wangu basi ni huu: anayepanga likizo aulize kwanza jambo lenyewe linahitaji nini ili likamilike, ndipo aulize ana kiasi gani. Anayeanza na kiasi alichonacho, kisha akalikunja jambo liingie humo, hujikuta amelipia karibu lote na kupata kipande.

Hili linatuhusu sisi wenyeji pia. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ada ya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni, na kila Desemba wapo Watanzania wanaopanda kuadhimisha uhuru wa nchi, wakikumbuka bendera na mwenge alivyovipeleka kileleni Alexander Nyirenda mwaka 1961. Nao hubana siku, kwa sababu ya ruhusa ya kazini au gharama ya kukodi mavazi na vifaa. Kwao na kwa wageni ushauri ni mmoja. Ukiwa na siku 7 au 8, panda hadi Uhuru. Ukiwa na siku moja, nenda Mandara na kreta ya Maundi, au kwenye maporomoko ya Materuni, urudi umekamilisha ulichokwenda kukifanya. Ukiwa na siku 5 na hamu ya kilele, tafuta nyingine 2 kabla hujalipa chochote, hata kama ni za mwaka ujao. Na kabla ya kuuliza bei, iulize kampuni maswali matatu: nitalala mita ngapi kila usiku, wapagazi wangu watalipwa kiasi gani, na nani mwenye kauli ya mwisho mwongozaji akisema turudi. Kampuni isiyoyajibu waziwazi, usiipe fedha yako.